Karabini ya VR yenye mwaka 1906: usinunue bado

Ndugu, hiyo karabini (bunduki fupi) ya Martini-Henry, silaha ya zamani ya jeshi la Uingereza, uliyoonyeshwa Birmingham, yenye taji, VR na mwaka 1906, usiitolee hela. VR ni Malkia Victoria, naye alifariki Januari 1901. Mafundi wa Khyber, eneo la milima mpakani mwa Afghanistan na Pakistan, waliiga nyingi za namna hiyo. Mulika tochi kwenye neno ENFIELD, jina la kiwanda cha bunduki cha Uingereza: herufi N ikiwa imegeuka kinyume, ni ya kuiga. Mimi niliwahi kuuziwa moja. Mbao ya kitako ilinivutia mno nikasahau kusoma chapa. Iliniuma sana.

Ukipata halisi ya .577/450 (aina ya risasi yake ya zamani), Uingereza unaruhusiwa kuiweka kama pambo bila kibali. Ukitaka kuifyatua, kibali ni lazima, na fundi wa bunduki aukague mtutu kwanza. Tafadhali usijaribu mwenyewe.