Kabla hujasema "huyu ni yule von Bülow": kwa mnaoanza kusoma koo za kikabaila za Ujerumani

Kijiko kilikuwa cha fedha, kimelika kwenye ncha, na mwenyewe alikileta kimefungwa kwenye leso. Alisema babu yake alikipata Moshi enzi za Mjerumani. Kwenye mpini palichorwa ngao ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na ndani yake viduara. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikahesabu kutoka juu: vinne, vinne, vitatu, viwili, kimoja. Jumla kumi na vinne. Moyo ukanidunda. Palepale nikamtangazia mzee wa watu kwamba kijiko hiki ni cha Albrecht von Bülow, ofisa wa Kijerumani aliyeuawa Moshi mwaka 1892 akipigana na wapiganaji wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi.

Ngao niliisoma sawasawa. Viduara kumi na vinne vya dhahabu juu ya buluu, kwa mpangilio wa 4, 4, 3, 2, 1, ni nembo ya akina von Bülow. Kosa lilikuwa kuruka kutoka kwenye ngao hadi kwa mtu. Kwa Uingereza, angalau kwa kanuni, nembo hufuata mtu, na wana wa nyumba moja hutofautishwa kwa alama ndogo zinazoongezwa. Kwa Wajerumani ngao ya kale ni ya ukoo mzima: mjomba, mpwa, binamu wa mbali, wote hupiga muhuri uleule. Kijiko kilinipa ukoo. Mtu hakunipa, na ukoo wenyewe una miaka mia nane ya watu.

Ninyi mnaoanza kazi hii, iwe mnatafsiri majalada ya Kijerumani, mnapanga vitu vya makumbusho au mnasoma historia chuoni, mtakutana na jina hili mapema. Afadhali mlijue vizuri.

Asili yake ni kijiji cha Bülow karibu na Rehna, Mecklenburg, kaskazini mwa Ujerumani; "von" maana yake ni "wa" au "kutoka". Jina hutamkwa "Byulo". Hiyo w ya mwisho hukaa kimya. Majina ya mahali yanayoishia na -ow huko yanatokana na lugha za Waslavi walioishi humo kabla ya Wajerumani kuhamia, na wanafunzi wengi wakishasikia hivyo huandika mara moja kwamba ukoo wenyewe ni wa Kislavi. Taratibu. Mtu aliyepewa kijiji hujiita kwa jina la kijiji, hata kama yeye alitoka kwingine. Anayetajwa kwanza kwenye maandishi ni mpanda farasi Gottfried, aliyeandikwa kwa Kilatini Godofridus de Bulowe, mwaka 1229. Ukoo unaojulikana kuwa wa kikabaila tangu kabla ya 1400, bila barua ya mfalme ya kuupandisha, Wajerumani huuita Uradel, ukabaila wa asili. Waliopandishwa kwa barua huitwa Briefadel. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni ndogo. Mezani, wakati wa kuoza binti, ilikuwa kubwa sana.

Katika karne ya 14 ukoo huu uliishika dayosisi ya Schwerin kana kwamba ni shamba la nyumbani: maaskofu wanne wa jina moja, wa kwanza akiwa Gottfried aliyekalia kiti kuanzia 1292. Katika kanisa kubwa la Doberan kuna kikanisa chao cha ndani mpaka leo. Baadaye wakatawanyika, na hapo ndipo penye mtego. Friedrich Wilhelm alikuwa jenerali aliyeyashinda majeshi ya Napoleon kule Großbeeren na Dennewitz mwaka 1813, akapewa cheo cha Graf Bülow von Dennewitz. Hans alikuwa mpiga piano na kiongozi wa okestra. Karl aliongoza Jeshi la Pili mwaka 1914. Bernhard alikuwa kansela kuanzia 1900 hadi 1909. Ndiye aliyesema bungeni mwaka 1897 kwamba Ujerumani nayo inataka mahali pake juani. Mwaka 1905 yeye alipandishwa kuwa Fürst, cheo kilicho juu ya Graf, na mwaka huohuo Wamatumbi waling'oa pamba na vita vya Maji Maji vikaanza. Sisi huku tulikuwa sehemu ya jua hilo.

Sasa weka Albrecht wa Moshi pembeni ya Bernhard wa Berlin. Jina moja, enzi moja, koloni lilelile. Nimeona maandishi ya wanafunzi yakiwafanya ndugu wa tumbo moja. Ndugu wa kweli wa Albrecht ni Frieda, mwandishi, aliyefika pwani yetu mwaka 1887 na kurudi mwaka 1893, baada ya kifo cha kaka yake, kusimamia shamba karibu na Tanga. Ukiandika "von Bülow" bila jina la kwanza na bila mwaka, hujaandika kitu.

Turudi kwenye ngao. Elimu ya nembo ina kanuni chache ambazo ukizizoea siku moja hazikutoki. Kulia kwa ngao ni kulia kwa aliyeibeba, si kwako unayeitazama. Mimi bado hugeuka kiti kimawazo kabla ya kuandika. Dhahabu na fedha ni madini, zilizobaki ni rangi, na kawaida madini hayawekwi juu ya madini wala rangi juu ya rangi, ili ngao isomeke kwa mbali. Ndiyo maana dhahabu juu ya buluu inapendeza. Mpangilio wa 4, 4, 3, 2, 1 nao si fumbo: ngao inabanana kadiri inavyoshuka. Na buluu ni buluu. Iwe ya bahari au ya shati la shule, nembo haibadiliki. Msigombane na mchoraji.

Jambo nililolipuuza kwenye kijiko ni mistari. Nyuma ya viduara palikuwa na vimistari vyembamba vya kulala, nami nikadhani ni pambo la fundi, au mikwaruzo ya kusugulia majivu. Kumbe tangu karne ya 17 wachongaji wana lugha ya kuonyesha rangi pasipo rangi: mistari ya kulala ni buluu, ya kusimama ni nyekundu, ya mshazari ni kijani, nukta ni dhahabu, na patupu ni fedha. Mistari ile ndiyo ilikuwa ushahidi wenyewe. Viduara peke yake vipo kwenye ngao za koo nyingi.

Ngao kamili ya Kijerumani ina kofia ya chuma juu yake, na juu ya kofia kuna pambo ambalo nalo ni la ukoo. La akina Bülow ni kirumbizi, ndege wa manjano, akiwa na pete mdomoni katikati ya pembe mbili. Watu wa kaskazini mwa Ujerumani walimwita ndege huyo "Vogel Bülow", yaani ndege Bülow, kwa sababu ya mlio wake. Mchekeshaji Vicco von Bülow, aliyefariki mwaka 2011, alijiita Loriot, na loriot ni kirumbizi kwa Kifaransa. Kipande hiki hunifurahisha kuliko vita vyote vya jenerali, hasa nikikumbuka kwamba virumbizi wa Ulaya baridi ikianza hukimbilia Afrika.

Kwenye majalada, mambo ya kawaida ndiyo yatakayokuchelewesha. Kwa Wajerumani "von" haihesabiwi katika mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo tafuta kwenye B. Ukikosa, tafuta na kwenye V, kwa maana aliyeandika faharasa huenda hakuijua kanuni hiyo. Si kila "von" ni kabaila. Wengine ni watu wa kawaida ambao jina lao linataja walikotoka tu. Mwandiko wa mkono wa zamani, unaoitwa Kurrent, una e inayofanana na n, na u inayotofautishwa na n kwa kikofia kidogo tu juu yake. Jifunze huo kwanza, wiki mbili au tatu, kabla hujaanza kutoa nukuu. Na ukikuta "Graf" imekaa baada ya jina la kwanza, kama sehemu ya jina la ukoo, huenda unasoma habari za baada ya katiba ya 1919, iliyofuta haki za makabaila na kuviacha vyeo vyao kuwa majina tu.

Vitabu vya Gotha, vilivyoorodhesha koo hizi, ni msaada mkubwa, lakini habari nyingi zilitolewa na wenye koo wenyewe. Nani atampelekea mchapishaji habari za mtoto wa nje? Tarehe za ndoa ziaminini kiasi. Hadithi za mababu wa kale zilinganisheni na hati.

Yule mzee wa kijiko nilimpigia simu baada ya miezi miwili. Nilimwambia kwamba nembo ni ya akina von Bülow bila shaka, lakini ni von Bülow yupi siwezi kusema, maana hakuna herufi za jina wala mwaka kwenye mpini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kinafaa bado kukorogea chai, kwa sababu tangu nimtajie habari za vita mkewe alikuwa amekifungia kabatini.