Miwani Isiyo na Waya Imenirudishia Heshima Yangu Saiti

Kijana mmoja wa Mwanza, amemaliza usanifu majengo na sasa anajitafutia kazi za nyumba za watu binafsi, ameniandikia: "Dada, nina akiba kidogo. Ninunue kompyuta kubwa zaidi au ninunue miwani ya VR?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba anunue miwani, ile inayofunika macho na kukuonyesha jengo kana kwamba umesimama ndani yake. Jibu refu nimeliweka hapa kwa ajili yenu wote mnaohangaika na wateja wasiosoma ramani, maana najua tuko wengi.

Mwezi huu nimesaini mkataba wa nyumba ya ghorofa moja kule Goba. Wateja ni mwalimu mstaafu na mumewe, watu wa heshima zao, ambao ramani ya karatasi ilikuwa mezani kwao tangu mwaka jana. Kila nilipouliza kama wameridhika, jibu lilikuwa lile lile: "Wewe ndiye mtaalamu, mwanangu." Jibu hilo hunitia hofu. Mteja akisema hivyo, mara nyingi haoni kitu kwenye mistari ile na anaona haya kusema. Ataona siku ukuta umefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha, na maoni yote atakuja nayo siku hiyo.

Nikawapelekea miwani nyumbani. Mwalimu alikuwa amefunga kilemba, tukakilegeza ili mkanda ukae vizuri, nikamsogezea lenzi mpaka akasema maandishi anayasoma. Nikamsimamisha jikoni kwake, jiko ambalo bado halijajengwa. Alikaa kimya kwanza. Kisha akanyoosha mkono kana kwamba anafungua kabati, akageuka kushoto, akapiga hatua mbili, akauliza: "Sasa mwanangu, nikikaanga samaki hapa, mgeni aliyekaa sebuleni si ataondoka ananuka?" Jiko la wazi aliliomba mwenyewe, alilipenda kwenye picha za mtandaoni. Kusimama ndani yake kwa miguu yake ndiko kulikombadilisha. Tukaweka ukuta wenye mlango, na jiko la mkaa likahamia uani, upande ambao upepo unautoa moshi mbali na nyumba.

Mzee naye, nilipompandisha hadi katikati ya ngazi kwa rimoti, aliinamisha kichwa chini ya bimu, yaani boriti ya zege. Mbele yake hakukuwa na kitu zaidi ya kochi, lakini mwili ulijikunja wenyewe. Kwenye mchoro pale pana mita 2.05, anapita bila kugusa. Ila ni mtu mrefu, na hakutaka kuishi akijikunja nyumbani kwake. Bimu ile tuliisogeza kwenye kompyuta, mhandisi akaipitia upya, basi. Ingekuwa zege limeshamwagwa na nondo zimo ndani, nani angelipa?

Binti yao anaishi Muscat, na ndiye anayetuma sehemu kubwa ya fedha. Watoto wake wana Quest, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, ya kuchezea michezo. Akaivaa, tukakutana naye ndani ya modeli, yaani nyumba iliyochorwa kwenye kompyuta, yeye kule na mama yake hapa, wakabishana kuhusu chumba cha wageni hadi wakaelewana. Kesho yake wakanipigia tusaini.

Nayasema haya kwa fahari, na nina sababu. Nilipokuwa nimeajiriwa, ofisi yetu ilikuwa na miwani ya VR ya HTC Vive, ile iliyotoka 2016. Unafunga vifaa viwili kwenye kona za chumba, unahitaji kompyuta yenye kadi kubwa ya picha, na waya mnene unatoka kichwani kwa mteja hadi kwenye kompyuta. Mteja akizunguka anajifunga. Nusu ya akili yake iko kwenye nyumba, nusu iko kwenye waya. Ikaishia kabatini. Oculus Quest ilipotoka Mei 2019, kompyuta ikiwa ndani ya miwani yenyewe na kamera zake zikikisoma chumba bila kifaa chochote ukutani, niliandika pendekezo tuinunue. Bosi alilisukuma pembeni mbele ya kikao kizima, akasema tuachane na michezo ya watoto, mteja anataka picha nzuri ya kubandika ukutani. Wenzangu walicheka. Niliondoka pale, nikanunua Quest 2 kwa fedha zangu, na leo natumia Quest 3. Mwaka huu ofisi hiyo hiyo ilinitafuta nikamtembeze mteja wao ndani ya jengo. Nilikwenda, nikafanya kazi safi, wakalipa ankara yangu. Kicheko kile bado kinaniuma.

Sasa ushauri. La kwanza na la muhimu kuliko yote ni kupunguza uzito wa modeli. Miti yenye majani elfu, masofa ya kupakua mtandaoni, vikombe mezani, vyote toa. Miwani inachora picha mbili, moja kwa kila jicho, na isipofikisha angalau fremu (picha) 72 kwa sekunde, mteja wako ataanza kutokwa na jasho na kutafuta pa kukaa. Kuta, madirisha, ngazi, urefu wa dari na mwanga wa jua vinatosha. Narudia, toa masofa.

Kama modeli ni kubwa na huwezi kuipunguza, iache kwenye kompyuta, urushe picha kwenda kwenye miwani kwa Wi-Fi. Mimi natumia Enscape, programu ya kumtembeza mtu ndani ya modeli, juu ya Revit, programu ninayochorea majengo, kwa njia hiyo. Tumia mawimbi ya 5 GHz, ruta iwe chumba hicho hicho mlichomo, na kompyuta iunganishwe kwenye ruta kwa kebo. Picha haipiti kwenye bando lako la intaneti, inatoka kwenye kompyuta kwenda kwenye ruta na kwenda kwenye miwani, kwa hiyo msiogope gharama. Anayeachwa huru bila waya ni mteja.

Usimtelezeshe mteja ndani ya nyumba kama yuko kwenye gari. Macho yakisema anakwenda huku sikio la ndani likisema amesimama, kichefuchefu kinafuata. Mrushe kwa rimoti kutoka sehemu hadi sehemu, halafu mwache atembee kwa miguu yake. Mtu wa umri mkubwa mwanzishe akiwa amekaa kwenye kiti.

Saiti ndiko wengi mnakoogopa, na ndiko ninakopenda zaidi. Nimewahi kumsimamisha mkandarasi juu ya jamvi tupu, yaani sakafu ya zege juu ya msingi, nikaipangilia modeli na kona za msingi, akatembea vyumbani kabla tofali la kwanza halijapandishwa. Quest 3 inaonyesha mazingira halisi kwa rangi, kwa hiyo anaona jamvi na ukuta usiokuwepo kwa pamoja. Lakini jua letu ni adui. Mwale ukiingia kwenye lenzi unaunguza kioo cha ndani, na doa lile halitoki tena. Usiiweke mezani lenzi zikitazama juu, hata kwa dakika moja. Nenda asubuhi mapema, au fanyia chini ya slabu (sakafu ya zege ya ghorofani) iliyokwisha kumwagwa. Na kamwe usimvalishe mtu miwani juu ya slabu isiyo na ukingo. Awe chini, na mtu wa kumshika awe pembeni yake. Chaji inakaa kama saa mbili, beba pawabenki.

Wenzangu, mteja anayejenga kwa mafao yake ya kustaafu hajengi mara ya pili. Anatukabidhi jasho la miaka yake yote, sisi tunampa karatasi yenye mistari na kumwomba sahihi. Hiyo si haki. Tunajivunia mihuri yetu, tunalalamika kwamba watu wanakwenda kwa mafundi kuchukua ramani za kunakili, na hatutaki kujiuliza ni nini hasa tunawaonyesha wakija kwetu. Mwonyeshe mtu nyumba yake kwanza, aikatae akiwa bado hajanunua hata mfuko wa saruji.

Kwa kijana wangu wa Mwanza: Quest 3S ilitoka mwaka 2024 kwa bei ya chini kuliko Quest 3, na kwa kuanzia inakutosha kabisa. Kompyuta uliyonayo iache hapo hapo. Chora chumba unacholala, kwa vipimo vya futi kamba, ukiingie ukiwa na miwani, kisha vua ulinganishe urefu wa mlango, kimo cha dirisha na nafasi kati ya kitanda na ukuta. Vikilingana, mwite mteja wako wa kwanza.