Stirner, mizimu, na kikundi chetu cha maziwa Tukuyu

Mkuu, umeuliza kama Bongo hii mtu anaweza kuishi anavyotaka Max Stirner, yule mwanafalsafa wa Kijerumani: asiogope dola, sheria wala maadili, ajitambue yeye tu. Na ukauliza michango ya msiba atafanyaje. Nikujibu kwa maziwa, maana ndiyo ninayoyajua.

Kwanza tusimsingizie. Stirner (jina lake halisi Johann Kaspar Schmidt, mwalimu wa shule ya wasichana huko Berlin) alitoa kitabu chake mwishoni mwa 1844, na hakusema nenda kaibe. Alisema dola, taifa, haki, wajibu, vyote ni mizimu: tumevitunga wenyewe kisha tukavipigia magoti. Feuerbach, mwanafalsafa mwenzake wa Kijerumani, alikuwa amemshusha Mungu na kumkalisha Binadamu. Stirner akamwambia umebadili mkaaji tu, kiti kipo palepale. Kwetu angeanza na utu. Mwambie mtu "huna utu" uone anavyonywea, hata kama hajamdhulumu yeyote.

Sasa maziwa. Mwaka 2011 tulikuwa watu tisa nje kidogo ya Tukuyu, kila mtu na ng'ombe wake mmoja au wawili. Wachuuzi wa kupeleka Mbeya mjini walikuwa wanatupangia bei, tukaamua kumimina pamoja na kukodi pikipiki moja. Hatukuwa na katiba, mwenyekiti wala mhuri. Aliyeona halimlipi alichukua dumu lake akaondoka, na wawili waliondoka kweli, bila maneno. Huo ndio Stirner anauita muungano wa wabinafsi: unautumia, haukutumii.

Asubuhi moja, mvua ile yetu isiyojua kukata, laktomita, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, ilizama kwenye maziwa ya mzee mmoja ikasoma 24, wakati maziwa mazima hayashuki chini ya 28 hivi. Tukamtazama. Akasema, "Nimetia maji. Ng'ombe anakaribia kukauka." Hakuna aliyemhubiria. Hatukuyamimina, basi. Akabeba ndoo yake, akaenda kuyanywea chai. Kesho yake alileta lita mbili, safi.

Kilichotumaliza ni mkopo. Tukaambiwa tujisajili kwanza. Ikaja katiba ya kurasa kumi na moja, ada, kamati ya nidhamu, faini ya kuchelewa. Haukupita mwaka, tunakaa kikao saa tatu "kwa maslahi ya kikundi" na maziwa yanachacha pale nje. Nikamuuliza mwenyekiti, hicho kikundi ni nani, mbali na sisi tuliokaa hapa? Nikapigwa faini elfu mbili, utovu wa nidhamu. Nikalipa.

Na hapo ndipo mimi na Stirner tunapoachana kidogo. Ukishauita mzimu, mikono yake bado iko palepale. Nililipa kwa sababu laktomita na madumu vilishakuwa mali ya kikundi, siyo kwamba niliamini nimekosa. Yeye mwenyewe alifungwa kwa madeni 1853, akarudishwa tena 1854. Tena cha kuchekesha: mwaka 1845 alichukua urithi wa mkewe, Marie Dähnhardt, akaanzisha biashara ya maziwa Berlin. Wakulima wakaleta maziwa, wateja hawakuja, hela ikaisha. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Harufu ya dumu lililolala siku mbili naijua.

Msiba sasa. Huwa nachanga pale marehemu alipokuwa mtu wangu, aliyenichekesha, tuliyekopeshana chumvi. Stirner hana shida na hilo. Naye alisema anawapenda watu kwa sababu kuwapenda kunamfurahisha. Ambaye hata salamu hatukupeana, sitoi, na nasemwa mtaa mzima.

Ila juzi nilichungulia daftari la msiba mmoja wa hivyo. Jina langu limo, elfu mbili, na mwandiko ni wa mama.