Je, Transvaal ya Kruger ilikuwa huru?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kitabu kimoja kinasema Transvaal, nchi ya Makaburu katika Afrika Kusini ya leo, ilikuwa jamhuri huru kabla ya vita vya 1899, kingine kinasema ilikuwa chini ya Malkia Victoria. Nishike kipi? – Msomaji, kidato cha sita

JIBU: Marahaba. Mkanganyiko huo si wa waandishi tu; wenyewe waliotia saini waliugombania hadi wakapigana.

Mkataba wa Pretoria, Agosti 1881, ulikuja baada ya Makaburu wa Transvaal kuwashinda Waingereza mlimani Majuba. Uliwarudishia kujitawala, lakini utangulizi wake ukambakishia Malkia mamlaka ya juu. Kruger, aliyekuja kuwa rais wa Transvaal, hakutulia. Alikwenda London na wenzake, na tarehe 27 Februari 1884 ukasainiwa mkataba mwingine ambamo maneno hayo hayamo.

Wengi huishia hapo. Nakusihi usome Ibara ya 4 ya mkataba huo wa 1884. Jamhuri ilikatazwa kufunga mkataba na taifa lolote isipokuwa Orange Free State, jamhuri jirani ya Makaburu, wala na makabila ya Waafrika mashariki au magharibi yake, mpaka Malkia aridhie. Miezi sita ikipita tangu apelekewe nakala bila kupinga, ilihesabika ameridhia. Ndani walijitawala; nje walifungwa. Ndivyo ningeandika kwenye mtihani.

Mwaka 1897, dhahabu ya Witwatersrand ikiwa imeshaitajirisha Transvaal, Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alidai kwamba kilichobadilishwa 1884 ni ibara tu, utangulizi wa 1881 ungali hai. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Lord Derby, waziri wa Uingereza aliyezungumza na akina Kruger mwaka 1884, aliwapa rasimu iliyoonyesha utangulizi huo ukiondolewa.

Linaloniuma zaidi ni Ibara ya 12 ya mkataba huo wa 1884, ambayo walimu wengi tunairuka. Ilitambua uhuru wa Waswazi, watu wa Swaziland (Eswatini ya leo), ndani ya mipaka yao. Waswazi hawakuketi mezani, ila angalau ahadi iliandikwa. Miaka kumi haijaisha vizuri, Uingereza na Transvaal zikaanza kujadili nani aitawale nchi yao. Watawala wa Waswazi walipotakiwa waridhie kutawaliwa na Transvaal, walikataa. Mwaka 1894 walituma wajumbe hadi London kuomba ulinzi wa Malkia, wakarudi mikono mitupu. Desemba hiyo hiyo ukasainiwa mkataba ulioikabidhi Transvaal utawala wa Swaziland, safari hii bila kuwataka Waswazi wakubali.