Maswali ya Wasomaji: Flatibedi Yenye Kifuniko

SWALI: Ndugu Mhariri, kampuni yetu husafirisha koili za chuma (mikanda mipana ya chuma iliyoviringishwa), mbao na mara chache mashine kubwa kwa trela za flatibedi zilizo wazi, yaani zenye sakafu tambarare isiyo na kuta wala paa. Kulifunga turubai kwa mkono hutuchukua zaidi ya saa nzima, na dereva wetu mmoja aliteguka mguu alipokuwa akishuka kutoka juu ya mzigo. Wapo wanaotushauri tununue trela ya mapazia, na wengine wanasema ile yenye turubai la kutelezesha ndiyo bora. Zinatofautianaje, na je, pazia linatosha kuuzuia mzigo usianguke?

JIBU: Ndugu Msomaji, poleni kwa ajali hiyo. Nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa sababu ndiyo yenye hatari zaidi: pazia halitoshi. Kifuniko huwekwa kukinga mvua na vumbi, ilhali kazi ya kuushika mzigo ni ya mikanda, minyororo na kabari. Ni kweli kwamba yapo mapazia yaliyoimarishwa, na kiwango cha Ulaya cha EN 12642, katika daraja lake la XL, hudai ubavu wa trela uhimili nguvu inayolingana na asilimia 40 ya uzito wa shehena inayoruhusiwa. Hata hivyo, kipimo hicho huchukulia kwamba mzigo umeuegemea ubavu wote kwa usawa. Koili moja yenye uzito wa tani nyingi hugusa mahali padogo tu, na ikianza kubingirika italipasua pazia lolote.

Trela ya mapazia ina paa, nguzo na mapazia mawili yanayoning'inia kwenye reli za juu, ambayo huvutwa kando kama pazia la dirisha kisha hukazwa kwa vifungo vilivyopangwa chini. Inafaa sana kwa mbao na mizigo iliyo juu ya paleti, kwa kuwa forklifti hupakia kutoka pande zote mbili. Tatizo lake kwenu ni paa: isipokuwa mnunue yenye paa linalofunguka, kreni haitaweza kuishusha koili ndani.

Turubai la kutelezesha, ambalo Marekani huitwa Conestoga kwa kukumbuka magari ya farasi yaliyofunikwa turubai huko Pennsylvania katika karne ya 18, hushikwa na matao ya chuma au alumini yanayotembea kwa magurudumu juu ya reli za pembeni mwa sakafu. Mtu mmoja akiwa chini hulisukuma likajikunja upande mmoja, na sehemu kubwa ya sakafu ikabaki wazi juu na ubavuni. Kwa koili zenu mimi ningechagua hili bila kusita, hasa kwa sababu hakuna tena anayelazimika kupanda juu ya mzigo ili kuufunika. Mtalipia faida hiyo kwa uzito: reli na matao hupunguza tani mnazoruhusiwa kubeba, na nafasi ya ndani huwa finyu kuliko sakafu iliyo wazi. Kwa hiyo pimeni kwanza upana na kimo cha mzigo wenu mkubwa kuliko yote, na msiiuze flatibedi iliyo wazi, kwani mashine inayozidi kimo cha matao itaihitaji.

Ipo pia njia ya kuchomeka mbao za pembeni na matao kwenye matundu yaliyo ukingoni mwa sakafu, kisha turubai likatandazwa juu. Ni nafuu na hung'olewa, lakini haitawapunguzia kazi ya kupanda na kushuka.

SWALI: Mabati tuliyoyafunika vizuri yalifika yakiwa na madoa meupe, ingawa mvua haikunyesha njiani. Maji yalitoka wapi?

JIBU: Yalitoka hewani. Bati likipoa usiku kisha likakutana na hewa yenye joto na unyevu, hutoa jasho kama chupa ya maji baridi, na turubai lililokazwa pande zote huuzuia unyevu huo usitoke. Maji yaliyonaswa kati ya bati na bati ndiyo huila zinki iliyopakwa juu ya bati na kuacha madoa hayo. Msifunike mabati yaliyokwisha kulowa, yainueni juu ya vipande vya mbao vikavu, acheni upenyo wa hewa chini ya turubai, na mara yanapofika yafunueni na kuyatenganisha yakauke.