Amesema Bwana Amemwonyesha: Je, Mjane wa Miaka 63 Anaweza Kuolewa Tena?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mshauri. Mimi ni mjane wa miaka 63, na mume wangu, ambaye tuliishi kwa amani, alifariki miaka minane iliyopita. Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia yumo baba mmoja, mgane wa miaka 67, mpole na mwenye kuheshimika, ambaye kwa muda sasa tumekuwa tukisali na kutembelea wagonjwa pamoja na wenzetu. Hivi karibuni alinieleza kwamba Bwana amemwonyesha kuwa mimi ndiye mke wake. Moyo wangu unampenda, sitaficha. Lakini mzee mmoja wa kanisa amenionya, akitumia Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, kwamba mjane aliyepita miaka 60 hapaswi kuolewa. Binti yangu anasema ninamsaliti baba yake. Nami najiuliza nitakuwa mke wa nani siku ya ufufuo. Na je, nikimkataa baba huyu, nitakuwa nimemkataa Mungu?

JIBU: Shikamoo, mama. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Hapana, hutakuwa umemkataa Mungu. Inawezekana kabisa kwamba baba huyo ameomba kwa moyo safi na kupata amani juu yako, na sina sababu ya kumdhania mabaya. Lakini alichoonyeshwa yeye hakikufungi wewe mpaka nawe uridhie kwa hiari yako. Mtume Paulo, katika sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anaandika kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kuolewa na mtu amtakaye, ila iwe katika Bwana tu. Anayetaka hapo ni mwanamke mwenyewe. Katika mstari unaofuata anaongeza kuwa, kwa maoni yake, mjane atakuwa na heri zaidi akikaa alivyo, na hayo anayatoa kama ushauri wala si amri. Ikiwa mtume alijizuia hivyo asiwaamulie wajane, sioni ni nani kati yetu anayeweza kumwamulia mwenzake kwa kutaja jina la Bwana. Mwombe baba huyo, kwa upole, akuchumbie kwa maneno yake mwenyewe, akueleze kwamba anakupenda na kwa nini. Anayekupenda hatachukizwa na ombi hilo, na akichukizwa hata akakuhesabia uasi, utakuwa umemjua vizuri zaidi kabla ya kufika madhabahuni.

Kuhusu miaka 60, mzee wako wa kanisa amelitoa andiko mahali pake. Sura ya tano ya waraka ule inazungumzia orodha ya wajane waliotunzwa na kanisa, na inaagiza asiandikwe humo aliye chini ya umri huo, ili msaada uwafikie wasio na jamaa wa kuwasaidia. Haisemi popote kwamba aliyeutimiza umri huo amekatazwa kuolewa. Makanisa nayo yamezifungisha ndoa za wazee tangu zamani. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 kinaelekeza kwamba sala ya kuwaombea maarusi watoto iachwe pale bibi arusi anapokuwa amepita umri wa kuzaa, na miongoni mwa sababu tatu za ndoa kinazozitaja, ya tatu ni ushirika, msaada na faraja ambayo kila mmoja humpa mwenzake. Sababu hiyo peke yake inatosha kuwafungisha ndoa ninyi wawili.

Hofu yako ya ufufuo iliulizwa mapema kuliko wewe: Masadukayo walimletea Yesu habari ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, naye akajibu, katika Luka sura ya 20, kwamba watakaofufuliwa hawaoi wala hawaolewi. Hakuna atakayekudai huko.

Binti yako ananigusa zaidi. Naamini anayoyaita usaliti ni majonzi yake mwenyewe, kwa kuwa anaogopa baba yake asije akafa mara ya pili kwa kusahauliwa nyumbani. Usimjibu kwa maandiko. Keti naye, umwache amzungumzie baba yake kadiri anavyotaka, kisha umwambie kwamba picha yake haitaondolewa ukutani na kwamba mchumba wako, naye akiwa amezika mke, analielewa hilo. Mpe muda, ila usimpe mamlaka ya kukukatalia.

Yapo pia mambo ya dunia hii. Kabla ya harusi, kila mmoja wenu aandike wosia kwa msaada wa mwanasheria, aeleze nyumba na akiba zitakwenda kwa nani, kwa kuwa katika baadhi ya nchi ndoa mpya hufuta wosia uliotangulia. Zungumzeni waziwazi kuhusu magonjwa mliyo nayo, madeni, na mahali mtakapoishi. Kisha mwendeeni mchungaji mkiwa na vyeti vya vifo vya wenzi wenu.

SWALI: Nina miaka 58 na sijawahi kuoa. Katika kundi la maombi la intaneti nimempata dada anayeomba nami kila usiku. Hatujaonana hata kwa video, na sasa anaomba fedha za matibabu. Nimtumie?

JIBU: Usitume, ndugu yangu. Upweke wako ni wa kweli na nia yako ni njema, ndiyo maana walaghai huwatafuta watu kama wewe mahali pa maombi. Mwombe muonane kwa video, akutajie kanisa lake, nawe umpigie mchungaji wake kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile atakayokupa yeye.