Kifuniko cha drili ya upasuaji na barua ya mkaguzi: usiache, ila dai la 1 lazima libadilike

Mkuu, nimesoma uzi wako wote pamoja na wadau waliokushauri uachane na jambo hili. Kwa ambao hawajaanzia juu: jamaa ametengeneza mfuko steraili (usio na vijidudu) wa kuvalisha drili ya betri ya kawaida, hii ya mafundi seremala, ili itobolee mfupa thieta badala ya kununua drili ya upasuaji ya maelfu ya dola. Mgonjwa mmoja, mfuko mmoja, unatupwa. Ameomba hataza (patent) Marekani, ombi limeshachapishwa, sasa barua ya kwanza ya mkaguzi wa ofisi ya hataza imekuja na madai yote, yaani sentensi zinazotaja hasa anachotaka kilindwe, yamekataliwa. Wakala anataka hela nyingine ya kujibu. Swali lake ni kama kuna maana ya kuendelea.

Mimi nilisomea uhandisi mitambo na sasa niko Virginia, kwenye ofisi ya mawakili wa hataza. Kazi yangu ni kutafuta hati zilizotangulia, yaani zinazoonyesha kilichokwisha kubuniwa kabla, na kuandaa hoja za kiufundi za kuwajibu wakaguzi. Wakili ndiye anayetia sahihi. Vifuniko vya kamera, vya darubini za upasuaji na vya drili nimeshavishika sana. Kwa hiyo naongea kama fundi wa hoja, si kama wakili wako.

Kwanza utulie. Barua ya kwanza kukataa madai yote ni jambo la kila siku. Wakala akiandika dai la kwanza pana, anajua litakataliwa. Anapima mkaguzi atatoa hati gani. Swali la maana ni hati gani zimetolewa na zimeacha wapi pengo.

Dai lako la 1, kwa ulivyolibandika, linasema: kifuniko steraili cha kutumia mara moja cha kifaa cha umeme cha upasuaji, chenye mfuko unaokunjika, uwazi wa nyuma wa kuingizia kifaa, na uwazi wa mbele wa kutokea kekee. Mkaguzi amekutolea hati ya kifuniko cha darubini ya upasuaji, umechukia, umeandika "darubini na drili wapi na wapi". Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mkaguzi haangalii kitu kinaitwaje wala kimekusudiwa nini, anaangalia kimeundwaje. Kifuniko cha darubini kina mfuko unaokunjika, kina mdomo mkubwa nyuma, kina tundu mbele kwa ajili ya lenzi. Drili ikiweza kuingia humo na kekee ikatokea mbele, dai lako limesomeka lote ndani ya hati ile, na kifungu cha 102 cha sheria ya hataza, kinachotaka kitu kiwe kipya, kimekumaliza.

Kuna kesi ambayo wakaguzi wa Marekani wanaipenda mno, In re Schreiber ya 1997. Mtu aliomba hataza ya koni ya kufunika chombo cha bisi, ukikitikisa zinatoka chache chache. Mkaguzi akamletea hataza ya Uswisi ya mdomo wa kopo la mafuta. Mwombaji akasema mafuta si bisi. Mahakama ikamwambia umbo ni lile lile na bisi zinaweza kupita humo, kwa hiyo matumizi mapya hayakifanyi kitu cha zamani kiwe kipya. Ukiona jina hilo kwenye barua yako, na nina hakika lipo, ujue maneno "cha upasuaji" hayakubebi.

"Steraili" nayo haikubebi, na "cha kutumia mara moja" vile vile. Vifuniko vya plastiki vya kutupa vimekuwepo thieta miaka mingi kabla yako. Ukisema umechagua plastiki fulani inayostahimili gesi ya kutakasia, watakutolea In re Leshin ya 1960: kuchagua malighafi inayojulikana kwa kazi inayofahamika kuwa inaifaa si ugunduzi. Usipoteze aya hata moja ya jibu lako kutetea maneno haya. Yaache kwenye dai, hayana madhara, lakini usiyaegemee.

Sasa tuje shingoni, pale mbele ya mfuko kekee inapotokea.

Faili ninalotaka kukusimulia liko wazi kwa umma, kama maombi yote yaliyochapishwa, ila majina nayaacha. Mteja alikuwa na kifuniko kama chako. Barua ya kwanza ikaja na darubini. Tukaongeza kwenye dai mhimili wa kati: kipande kidogo cha chuma kinachotakaswa peke yake, upande mmoja kinabanwa na mdomo wa drili ndani ya mfuko, upande wa pili kinashika kekee nje. Barua ya pili ikahama kifungu, sasa ni 103, kinachokataa kitu ambacho fundi wa fani hiyo angekifikiria kwa urahisi. Mkaguzi akachukua darubini ile ile, akaiunganisha na hati ya drili yenye mhimili unaopita kwenye ukuta, akasema fundi wa kawaida angeviunganisha. Tangu kesi ya KSR ya 2007, iliyohusu pedali ya mafuta ya gari yenye kihisio cha umeme, hoja za namna hiyo zimekuwa rahisi kwa mkaguzi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema fundi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida, si mashine.

Nikarudi kwenye maelezo ya awali kuyasoma mstari kwa mstari, pamoja na sampuli aliyotutumia mteja. Drili ya fundi ina feni ndani. Ukibonyeza, feni inavuta hewa kwa matundu ya nyuma na kuitema kwa matundu ya mbele, karibu na mdomo. Ukiivalisha mfuko uliobana, hewa haina pa kwenda. Mfuko unatuna taratibu, halafu hewa inatafuta upenyo, na upenyo uliopo ni pale mhimili unapozunguka kwenye pete ya mbele. Maana yake hewa iliyopita kwenye mota yenye vumbi la karakana inatoka kama pumzi nyembamba sentimita chache kutoka kwenye kidonda kilichofunguliwa. Tulimwaga unga wa talki ndani ya mfuko, tukawasha, na karatasi nyeusi mbele ya pete ikawa na duara jeupe. Hakuna mtu ofisini aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Mteja wetu alikuwa amelitatua hilo, ila wakala wake wa awali alilizika kwenye nusu ya sentensi: pete ya mbele ina bushi yenye mifereji miwili na ulimi unaoingia kwenye mifereji hiyo, na nyuma ya mfuko kuna kiraka cha kitambaa kinachochuja, hewa itokee huko, mbali na mgonjwa. Hiyo nusu sentensi ndiyo iliyookoa ombi. Tuliiingiza yote kwenye dai la 1: pete, bushi, mifereji, kiraka, na mahali kilipo kiraka. Hoja ikawa fupi. Darubini haina feni. Anayetengeneza kifuniko cha darubini hajawahi kukutana na hewa inayosukumwa kuelekea kwenye kidonda, kwa hiyo hana sababu ya kufungua njia ya hewa nyuma na kuziba ya mbele. Mkaguzi akataka ushahidi badala ya maneno ya wakili. Kwa hilo kuna kiapo cha kanuni ya 132: mbunifu anaeleza jaribio lake, anaambatanisha picha na vipimo, anasaini. Angalizo hapa, matokeo ya jaribio lazima yalingane na upana wa dai. Ukijaribu bushi ya mifereji miwili halafu ukadai "kiziba njia chochote", kiapo hakikusaidii.

Kabla ya hapo tuliomba kuongea na mkaguzi kwa simu. Fanya hivyo na wewe. Ofisi ya hataza haitozi mazungumzo hayo, ingawa wakala wako atatoza muda wake. Wakaguzi wengi ni wahandisi tu. Ukimwonyesha mchoro na kumwambia hewa inapita hapa, anakwambia waziwazi kipi kitamfanya asogee.

Kwa hiyo kazi yako wiki hii ni kuchukua ombi lako kama lilivyowasilishwa na kutafuta kila ulichoandika kuhusu shingo, hewa, joto la mota, na namna drili inavyoingia. Nasema "kama lilivyowasilishwa" kwa sababu huruhusiwi kuongeza jambo jipya kwenye maelezo baada ya kuwasilisha. Kilichomo kwenye maandishi na michoro ya siku ile ndicho ulicho nacho. Umesema sasa una shingo ya toleo la pili, nzuri zaidi. Hiyo inahitaji ombi lingine lenye tarehe yake. Na fanya haraka, maana Marekani ombi lako mwenyewe lililochapishwa likishapita mwaka mmoja linageuka kuwa hati ya kukupinga. Ulaya hakuna hata huo mwaka.

Kuhusu kuingiza drili: yule aliyenawa kwa ajili ya upasuaji anashika mfuko umekunjwa ukingo kwa nje, mikono yake chini ya mkunjo, na asiyenawa anatumbukiza drili kwa juu bila kugusa nje ya mfuko. Ni utaratibu mzuri lakini ni wa zamani, uko kwenye vifuniko vya kamera. Faneli za kupitishia betri isiyo steraili kwenda kwenye drili steraili nazo zina hati nyingi, kwa sababu joto la otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke), nyuzi 121 au 134, linaua betri za kawaida za lithiamu. Usijenge nyumba hapo. Ila kama una kitu kinachofanya mfuko ujifunge wenyewe drili ikishafika chini, hicho kisome vizuri.

Utafutaji unaweza kuufanya mwenyewe usiku mmoja. Ingia Espacenet au Patentscope, tovuti za kutafutia hataza, zote bure, halafu usitafute kwa maneno. Tafuta kwa namba za uainishaji: A61B 46/10 ndipo vilipo vifuniko vya vyombo vya upasuaji kama darubini, A61B 17/16 ni drili na patasi za mifupa, B25F 5 ni vifaa vya mkononi vya injini kwa jumla. Hapo mwisho ndipo watu husahau, na ndipo zilipo sili na njia za hewa. Mkaguzi hasahau.

Halafu kuna jambo umelitaja kijuujuu nikashtuka. Umesema unakijua kile kifuniko cha Arbutus Medical ya Vancouver, kilichoanzia kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia na kutumika Uganda: cha kitambaa, kinafuliwa na kutakaswa upya, na kina kiunganishi cha mhimili kilichozibwa mbele. Je, umemwambia wakala wako? Marekani mwombaji ana wajibu wa kuitajia ofisi hati muhimu anazozijua. Ukificha na ikaja kujulikana baadaye mahakamani, hataza nzima inaweza kukosa nguvu. Na kiufundi hicho ndicho mpinzani wako wa kweli, si darubini. Tofauti yako nacho isiwe "changu kinatupwa". Mkaguzi atasema kukifanya cha kutupa ni suala la bei ya kitambaa.

Mdau mmoja ameuliza kuhusu nyumbani Afrika Mashariki. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo kwenye Itifaki ya Harare ya 1982 kuhusu hataza, kwa hiyo ombi moja ARIPO (shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu) linaweza kuzitaja zote, na ARIPO wanakagua wenyewe kama kitu ni kipya na kina ubunifu. Wakikubali, kila nchi iliyotajwa ina miezi 6 ya kusema kwamba kwake hataza hiyo haitakuwa na nguvu. Hati ile ile iliyokuangusha Marekani itawafikia na wao, kwa hiyo dai utakalolirekebisha Marekani ndilo la kuwapelekea. Na kwa wanaochanganya: hataza si kibali cha kuuza. Kibali cha kifaa tiba Tanzania ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kule Marekani ni FDA, wenzao wa huko, ambako vifuniko vya upasuaji viko daraja la pili.

Muda: una miezi mitatu tangu tarehe ya barua, unaweza kuisogeza hadi sita kwa kulipia kila mwezi, ikipita hapo ombi limeachwa. Barua ya pili kwa kawaida inakuwa ya mwisho, na ukitaka kuendelea baada yake unalipa ada ya kufungua tena ukaguzi au unakata rufaa. Ndiyo maana nasema usitume jibu la kwanza la kubishana tu bila kurekebisha dai, unachoma nafasi. Muulize pia wakala kama umewekwa daraja la mwombaji mdogo kabisa. Kwa kipato ulichokitaja nadhani unastahili, na punguzo lake ni asilimia 80 ya ada nyingi za ofisi. Kama amekuwa akikutoza ada kamili, mwambie akuonyeshe risiti za ofisi ya hataza zikiwa peke yake, tofauti na ada yake.

Ukiwa tayari bandika hapa aya zinazohusu pete ya mbele kutoka kwenye ombi lililochapishwa, nitakwambia naona nini. Mchoro wa shingo mpya usiubandike, na ile video uliyosema utairusha Jumamosi isubirishe kwanza mpaka ombi la pili liwe na tarehe.